Chuo Kilichoota Mabweni

Mwalimu Rahima hakuwahi kumsamehe mtu Kiswahili kibovu. Ukimwambia "nyumba yangu iko na maji", atakuuliza kama nyumba yako na hayo maji vimeandamana kwenda mahali, kisha atakunja mikono angoje useme tena vizuri. Watu wa mtaa wake wa Shika Adabu walikwisha kumzoea. Wako waliopita njia ya nyuma kukwepa somo lisiloombwa, lakini ikifika siku ya kuandikiwa barua ya maana, wote walimiminika barazani kwake. Ndiyo maana kosa lilipotokea, kosa lililoutia mtaa wazimu kwa wiki mbili nzima, hakuna aliyemdhania yeye. Naye ndiye aliyelifanya, kwa mkono wake mwenyewe, mara hamsini na mbili.

Lilianza na fomu. Mji ulikuwa unautengeneza upya ule mpango wake mkubwa wa miaka ishirini, unaosema barabara ipite wapi, soko likae wapi na nani asogee. Safari hii wakubwa waliapa kwamba hawatachora wakiwa wamejifungia ofisini, bali wananchi wataulizwa kwanza. Mzee Garama, mzee wa mtaa, akakabidhiwa bunda la fomu agawe. Garama ni mtu mwema sana, ila herufi ndogo zimemhama machoni na miwani hataki kusikia habari yake. Akalibeba bunda zima, akalitua miguuni mwa Rahima.

"Mwalimu, wewe una mwandiko. Watu watakuja kusema, nawe uandike."

Watu wakaja. Fomu iliuliza mambo matatu: mtaani kwenu pana nini cha muhimu, kina shida gani, na mngetaka mfanyiwe nini. Sasa pale mtaani, ukitoa msikiti na duka la Hamdun, cha muhimu kilikuwa chuo. Chuo chenyewe ni banda lililoegemea ubavu wa nyumba ya Rahima, kuta za mawe, juu mabati, chini mikeka saba. Watoto arubaini na watatu huja pale baada ya alasiri, na Jumamosi asubuhi, kusoma Kurani. Kwa watu wa pwani hicho ndicho chuo, na mtoto akiulizwa anakwenda wapi na juzuu yake mkononi, hujibu "chuoni" bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo Rahima aliandika: "Njia ya chuo ni mbovu, mvua ikinyesha wanafunzi hawapiti." Akaandika: "Wanafunzi ni wengi, hawana pa kukaa." Na kwa kuwa kulikuwa na ndugu wawili waliovuka feri kila Jumamosi kutoka upande wa kisiwani, aliongeza: "Wengine hutoka ng'ambo." Kila jirani alisema yale yale kwa maneno yake, na kila mara Rahima aliyanyoosha yakawa sentensi zile zile tatu. Zilikuwa kweli tupu, tena kwa Kiswahili safi. Alipomaliza fomu ya mwisho alinyoosha vidole, akajiona amefanya kazi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Garama alikuja mbio, kofia mkononi.

"Mwalimu! Wallahi tumekubaliwa! Ramani imebandikwa kwa chifu. Tumo!"

Nje ya ofisi ya chifu watu walikuwa wamejaa mbele ya karatasi kubwa kama shuka. Hamdun alikuwa mbele kabisa. Huyu ni mwenye duka, na babu yake alikuwa mwenye duka, na sauti ya kunadi amerithi. Alikuwa anawasomea wenziwe maandishi ya pembeni, kidole kikifuata mstari.

"Shika Adabu: chuo cha elimu ya juu chenye wanafunzi wa kimataifa. Upungufu mkubwa wa mabweni. Inapendekezwa barabara ya upana wa mita kumi na nane, taa, mtaro wa maji ya mvua, na eneo la watu binafsi kujenga mabweni." Akageuka, uso umeng'aa. "Mabweni, jamani! Watu binafsi! Watu binafsi si ndio sisi?"

Rahima alijiuliza kwanza ni chuo gani hicho, kimejengwa lini asijue. Kisha sentensi zake tatu zikamrudia, moja baada ya moja.

"Ng'ambo wameifanya Ulaya," alisema polepole. "Na pa kukaa wamepafanya mabweni."

Akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa buibui, na watu wakacheka naye wakidhani ni furaha ya barabara. Ndipo alipoisogelea ramani aitafute nyumba yake. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, imechorwa mistari juu. Wapangaji hawakuona jengo lolote la kustahili jina la chuo, kwa hiyo walikiweka pale walipoona nafasi, kwenye uwanja wa mpira. Kutoka barabara ya lami hadi uwanjani walipiga mstari mwekundu mnene, na katikati ya mstari huo palikuwa na paa dogo la mabati. Rahima alilijua paa lile kwa kiraka chake cha bati jipya. Barabara ya kwenda chuoni ilikuwa imepita juu ya chuo.

Hapo kicheko kilimkauka.

Banda lile lilijengwa na mama yake, Bi Dhahabu, miaka hamsini na minne nyuma, kwa mawe aliyoyabeba kichwani safari moja moja kutoka kwenye nyumba mbovu iliyokuwa ikivunjwa. Halikuwa na hati wala kibali. Katika ile ramani ya zamani, kama Garama alivyopenda kusimulia kwa uchungu, sehemu yao yote ilichorwa nyeupe na kuandikwa kwamba ni ardhi isiyotumika. Sasa wametiwa ramanini kwa mara ya kwanza, na kilichowatia ni kosa. Akinyamaza, banda litavunjwa. Akisema, barabara itafutwa, na taa, na mtaro, na huenda mtaa ukarudi kuwa weupe ule ule. Mkutano wa kutoa maoni ya mwisho ulikuwa Jumamosi ya wiki ya pili.

Katika siku hizo mtaa haukushikika. Vijana walijipanga kufungua mahali pa kupigisha chapa. Mama mmoja muuza viazi karai alianza kuwasalimia watu kwa Kiingereza, ajizoeze. Hamdun, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia jambo, aliagiza mawe ya kujenga vyumba sita, yakamwagwa mbele ya duka hata wateja wakawa wanaruka.

"Wanafunzi wa kimataifa hawawezi kulala juani, Mwalimu," alimwambia Rahima.

"Hamdun, wewe wajua vyema chuo ni kipi. Mwanao wa mwisho yuko mkeka wa tatu."

"Najua." Hamdun alishusha sauti. "Lakini wao hawajui. Na Mungu akitaka kumpa mtu, hamuulizi kama fomu ilijazwa sawasawa."

Garama naye alikuja, akakaa ukingoni mwa baraza, kofia akiizungusha vidoleni.

"Mwalimu, banda tutakujengea jengine. Kubwa zaidi."

"Wapi?"

Garama alitazama kulia, akatazama kushoto. Pande zote zilikuwa nyumba za watu. Akavaa kofia yake akaaga.

Aliyebaki kusema ukweli ni Asmaa, binti wa kaka yake, aliyemsaidia kufundisha wadogo.

"Shangazi, wamuogopa Hamdun?"

"Hamdun nimemfundisha mimi alifu kwa kijiti, nitamuogopea nini? Nauogopa mtaro. Mvua ikija mwakani, mtoto aanguke kwenye maji, mamaye ataniambia: mtaro tulipewa, Mwalimu ukaukataa." Rahima alikunja mikono. "Na jengine, nisimame mbele ya watu niseme nimekosea Kiswahili? Mimi?"

"Umekosea?"

"Sikukosea hata nukta!"

"Basi kawaambie hukukosea," alisema Asmaa.

Rahima aliyapima maneno ya mpwa wake, akaona hayana la kurekebisha.

Jumamosi ile mahema yalifungwa kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki vikapangwa, na watu wakaja wamevaa vizuri kama wanaokwenda kuposa. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha, na kila mtu alifika na tope mpaka kifundoni. Mpangaji aliyetumwa alikuwa msichana aliyeitwa Caroline, mzaliwa wa Machakos, huko bara, mpole, ramani ameikumbatia kwa mikono miwili. Alieleza vizuri, bila haraka wala majivuno.

"Hiki chuo chenu kiko na nafasi kubwa ya kukua," alisema.

Rahima aliisikia ile "kiko na" ikimchoma sikio. Siku hiyo aliiacha ipite.

"Kuna swali?" akauliza Caroline.

Hamdun alikuwa wa kwanza kusimama. "Hatuna swali, binti. Tuna shukrani tu!" Makofi yakapigwa. Yalipopoa, mtu mwingine alikuwa amesimama, na Garama alipomwona ni nani aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema Caroline.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambiye, hicho chuo umekiona?"

"Bado, mama, lakini nimesoma maoni yenu yote. Fomu hamsini na mbili zimekitaja. Na hakuna mtaa mwingine uliotuandikia kwa Kiswahili safi namna hii."

"Nimeziandika mimi."

"Wewe?" Uso wa Caroline ulifunguka. "Basi wewe ndiye mkuu wa chuo!"

"Ndimi."

"Nimefurahi sana kukuona. Na wanafunzi wako wanasomea nini?"

"Alifu, be, te," alisema Rahima.

Aliyeanza kucheka ni Garama, yule yule aliyetaka kosa lifichwe. Alijiziba mdomo kwa kofia lakini mabega yalimsaliti, na kutoka kwake kicheko kikaenda safu kwa safu mpaka nyuma. Caroline alitazama huku na huku akitabasamu bila kuelewa, hata Garama akamhurumia.

"Ni madrasa, binti. Ya watoto. Sisi hapa twaita chuo."

"Na wanafunzi wa kimataifa?"

"Huja na feri," alisema Rahima.

"Na mabweni?"

"Mabweni sikuandika. Niliandika hawana pa kukaa. Kukaa kitako, mwanangu, hivi!" Na Mwalimu Rahima, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, akachutama mbele ya kadamnasi kuonyesha.

Caroline alijifunika uso kwa karatasi zake. Zilipotikisika, watu walidhani analia, kumbe naye anacheka. Kisha alizishusha, na sasa hakuwa anacheka tena.

"Mama, mimi nilikwenda kumwambia mkubwa wangu kwamba chuo hiki kimesahauliwa miaka mingi."

"Hapo hukukosea," alisema Rahima.

"Mwalimu, umetumaliza!" Hamdun alishika kichwa. "Mawe yangu nitayala?"

Minong'ono ikapanda, na si yote iliyokuwa ya kirafiki. Rahima aliisikia. Akapaza sauti ile ya darasani.

"Nisikizeni. Mita kumi na nane sikuomba, wala hapana kati yenu aliyeomba. Hiyo barabara ikija, ya kwanza kuvunjwa ni banda walimosoma watoto wenu, na nyinyi wenyewe pia. Lakini njia kuwa mbovu ni kweli. Watoto kubebwa migongoni mvua ikinyesha ni kweli. Mwanangu Caroline, lile kosa lifute. Haya mengine yaache pale pale." Akajitanda ushungi wake vizuri. "Na kama huniamini, twende ukaone."

Wakaenda, mkutano mzima nyuma yao. Walipofika kwenye njia ya chuo, palikuwa na ziwa. Caroline alilitazama, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Maji yalimfika chini kidogo ya goti. Hamdun alimfuata amemshikia mkoba juu ya kichwa, akinung'unika kila hatua, na katikati akapoteza kandambili moja ambayo haijapatikana hadi leo.

Sauti za watoto zilisikika kabla banda halijaonekana. Asmaa alikuwa amewashika pamoja, wakubwa na wadogo, goti kwa goti, na waliokosa mkeka wamekalia vizingiti na ndoo zilizopinduliwa. Walipomwona mgeni walijibana wampe nafasi. Walijibana tena. Haikupatikana. Caroline alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Kweli hakuna pa kukaa," alisema.

"Umeona?" alisema Rahima. "Sasa wasema Kiswahili."

Pale pale, ramani ikatandazwa juu ya meza barazani kwa Rahima, na Caroline akautia mikato ule mstari mwekundu mnene. Pembeni alichora mwingine mwembamba unaofuata njia ile ile ya zamani: njia ya miguu, mtaro ubavuni, taa nne. Hakuwadanganya. Alisema kazi yake ni kuyapeleka maoni yao na kuyatetea, na kwamba wenye kauli ya mwisho wako juu yake, lakini maoni yaliyoandikwa na kutiwa sahihi ni lazima yajibiwe. Watu wakapanga foleni kutia sahihi. Hamdun alitia ya tatu, kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi.

Kisha Caroline aliweka nukta juu ya paa lenye kiraka, akainua kichwa.

"Hapa niandike nini, Mwalimu? Nikiandika chuo, watakosea tena. Niandike madrasa?"

"Madrasa ni neno zuri, silikatai. Ila hapa ni chuo, na kiliitwa chuo kabla ya hao wenye mabweni kuzaliwa. Wao ndio watafute jina jengine."

Caroline alicheka. "Sawa. Basi hiki chuo kinaitwaje? Kina jina lake?"

Rahima aligeuka akautazama ukuta wa mawe. Jina hakikuwa nalo. Kwa miaka hamsini na minne kilikuwa chuo tu, na hakuna aliyeuliza. Akamkumbuka mama yake na jiwe kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umemshika yeye. Bi Dhahabu alijua Kurani nzima kwa moyo, lakini mbele ya karani alitia kidole gumba. Jina lake halikuandikwa popote ambapo Rahima angeweza kwenda kulisoma. Hata kaburini palikuwa na mawe mawili tu.

"Andika," alisema, "Chuo cha Bi Dhahabu."

Caroline aliandika. Rahima akainama kusoma: Chuo cha Bi Dahabu.

"Dha, mwanangu. Dhali. Ulimi utoke nje kidogo. Lete hiyo kalamu."

Akaichukua, akaibana herufi moja katikati ya mbili, pale ambapo haikuwa imewekewa nafasi. Hata kwa mkono ulioandika fomu hamsini na mbili, ile h ikatoka imepinda. Aliiacha hivyo hivyo.

Mtaro haujachimbwa bado. Upo katika miaka mitano ya kwanza ya mpango, na kila mwezi Garama hupeleka barua ya kukumbusha, kwa mwandiko mnajua wa nani. Mawe ya Hamdun yalikaa mbele ya duka mpaka watoto wakayazoea kwa kuchezea. Asubuhi moja akaonekana anayasukuma kwa mkokoteni kuelekea chuoni, nusu yake tu, kuongeza ukuta na mabaraza mawili marefu. Mtu alipomtania alijibu kwa ukali: "Nilisema nitawajengea wanafunzi pa kukaa. Neno langu ni moja."

Ramani iliyopitishwa ilipochapishwa, Caroline aliileta mwenyewe, akapiga hodi, akaketi barazani kama mtu wa pale. Rahima alivaa miwani akaipitia kama anavyopitia kila karatasi, akitafuta kosa. Aliuona ule mstari mwembamba. Aliona taa nne. Aliona nukta, na mbele ya nukta jina, limepigwa chapa safi, herufi zote zimo na kila moja ina nafasi yake. Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Kisha akaingia chuoni, akaitundika ramani kwenye ukuta mpya wa mawe ya Hamdun, akaweka kidole chini ya jina la mama yake.

"Haya," aliwaambia watoto. "Nifuateni. Dha."

"Dha!" wakaitikia arubaini na watatu.